Ruhusa ya Kutoka Kijitoni

Kwa siku mbili mpishi alikuwa akimpa Kijito salamu tu, tena ile salamu anayopewa mtu ili asiulize swali. "Habari za hapa." "Nzuri." Basi, anageukia sufuria zake. Kijito anabaki amesimama na ufagio mkononi kama mtu aliyeingia msibani asijue aliyefariki ni nani.

Kijito lilikuwa jina la redio. Miaka kumi na tisa alikuwa mlinzi wa kambi ya kijitoni, huko juu ndani ya hifadhi, na kila alipobonyeza redio ya mkononi ilimbidi aseme "Hapa Kijito", mpaka jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye karatasi za ofisini tu. Kambi yenyewe ilikuwa viwanja kumi na viwili vya kupigia hema, vimesawazishwa kwa jembe kandokando ya maji, kila kimoja na namba yake kwenye kigingi, meza ya mbao, mafiga ya mawe, na sanduku la chuma la kufungia chakula ili nyani wasile kabla ya wageni. Juu ya kambi ni mlima. Chini yake ni njia ya miguu, mwendo wa kilomita mbili hadi maegesho ya magari, na kutoka hapo kilomita tisa za vumbi mpaka langoni. Upande wa pili ipo njia ya gari, lakini imefungwa kwa mnyororo, ni ya wakubwa tu. Simu haishiki. Kinachoshika ni redio, na redio ni ya wakubwa.

Mpishi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mpishi wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Wapagazi walimwita Dada Mwiko kwa sababu aliwahi kumfukuza nyani kwa mwiko mpaka ng'ambo ya maji, akarudi na mwiko wake na kipande cha mkate alichomnyang'anya. Kijito alimwita Mpishi tu. Lakini namna alivyolitamka, hata wapagazi walijua.

Walianza kwa ugomvi. Miaka sita iliyopita alimkuta amechutama majini anasugua masizi.

"Hatua hamsini, mama! Sabuni haiingii kijitoni. Unachota kwa ndoo, unakwenda hatua hamsini, ndiyo unaosha."

"Hatua za nani? Zangu au zako? Maana wewe una miguu ya korongo."

Kijito alikuwa hajacheka tangu amzike mkewe. Siku ile alicheka mpaka akaegemea mti. Toka hapo, kila kundi lake lilipokuja, maji alimchotea mwenyewe, na zile hatua hamsini walizitembea pamoja, polepole, kama watu wanaokwenda mbali. Miaka minne walizungumza habari za sufuria. Mwaka wa tano wakaanza kunyamaza pamoja, na watu wazima wakishaanza kunyamaza pamoja, mambo yamekwisha kuwa mambo.

Ndiyo maana mwezi uliopita alimwambia: "Jumamosi ya pili mjomba wangu atakaa nyumbani, na kaka yangu. Njoo uonekane. Sitaki kingine. Uonekane tu."

Jumamosi ya pili Kijito hakuonekana.

Basi asubuhi hii ya tatu wageni walikuwa wamekwenda kuyaona maporomoko, wapagazi wanakunja mahema, na mpishi yuko peke yake nyuma ya kiwanja namba saba, hatua hamsini kamili kutoka majini, anaosha. Maji alikuwa amejichotea. Kijito aliiona ile ndoo, akasogea na ufagio wake.

"Mpishi."

Hakugeuka. "Nipishe jua, Kijito. Naosha."

"Najua nimekukosea."

"Unajua?" Alikung'uta sufuria, akaifudikiza kwenye nyasi, akachukua nyingine. "Mimi nilidhani hujui. Nilikuwa nikimwambia mjomba, huyu mtu hajui leo ni Jumamosi, kule mlimani siku zote zinafanana. Nikakutetea mpaka nikaishiwa."

"Nilituma salamu."

"Kwa nani? Kwa nyani?"

"Kwa redio. Ijumaa asubuhi. Nilimwambia karani wa lango akupigie simu."

Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa yamevimba, si kwa moshi. Kijito aliyajua macho yale yakicheka, yakisinzia kando ya moto, yakimkonyeza juu ya vichwa vya wageni. Hivi hakuwahi kuyaona.

"Sikupigiwa na mtu."

"Ngoja." Akaivuta redio kiunoni kwa haraka, kama mtu anayetafuta hati ya shamba lake. "Lango, Lango, hapa Kijito, ova."

Ikakwaruza. Sauti ya karani ikaja imejaa usingizi wa ofisini. "Nakupata Kijito. Kulikoni, ova."

"Ule ujumbe niliokupa Ijumaa ile, wa kumpigia mpishi. Ulipiga? Ova."

"Ujumbe upi? Aah! Upo. Upo salama kabisa. Uko kwenye trei ya mkuu unasubiri saini. Ujumbe binafsi lazima usainiwe, unajua utaratibu. Mkuu alikuwa semina, akarudi, akaenda semina nyingine. Nikusomee? 'Mwambie Mpishi nimezuiwa kutoka, mbadala wangu amechukuliwa, asikasirike, mimi ni wake…' Hapa pana neno sikulielewa, nadhani nimeandika 'daima' au 'dawa'. Ova."

Kituo cha juu kikaingilia, mlinzi wa kule kileleni, mtu wa mizaha: "Kijito! Kumbe una mambo, mzee! Dawa ya nini tena? Ova!" Wakacheka watu wawili watatu, hifadhi nzima ilikuwa inasikiliza.

Kijito akaipunguza sauti. Masikio yalimwaka. Lakini alipomtazama mpishi akaona mikono yake imesimama ndani ya povu, na uso umelegea kidogo, kama fundo lililopata ncha.

"Umesikia," alisema. "Umesikia mwenyewe. Kosa si langu."

"Nimesikia."

"Mbadala wangu wamemchukua akapake rangi nyumba ya wageni wa mkuu. Wiki tatu anapaka rangi! Nyumba yenyewe vyumba viwili. Mimi bila mbadala siruhusiwi kuvuka kigingi cha mwisho. Naomba likizo, wanasema subiri. Naomba siku moja, wanasema andika barua. Naandika barua, wanasema siku hizi barua zinaandikwa kwenye fomu. Wale watu, Mpishi, wana dawa moja ya kila ugonjwa: subiri. Mkubwa akiumwa jino, gari linakwenda mbio. Mdogo akifa, gari linasubiri saini."

Alikuwa ameshaanza, na akianza hakuwa mtu wa kunyamaza upesi. Mpishi alimwacha aseme. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta mikono kwa khanga, akamsikiliza mpaka mwisho, na Kijito alipovuta pumzi alipigapiga gogo kando yake ili akae. Kwa dakika moja ilikuwa kama zamani. Bega lake lilikuwa karibu. Alinukia moshi na vitunguu, na Kijito angekaa pale mpaka mlima uishe.

"Sasa nikueleze ya kwangu," mpishi alisema taratibu. "Mjomba alivaa koti lake la heshima. Jua lile, na koti lile zito. Tukamwambia vua, mjomba, mgeni bado. Akasema siwezi kumpokea mgeni nikiwa nahangaika na mikono ya koti. Akakaa nalo toka saa tatu asubuhi. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Kaka kila saa anachungulia dirishani. 'Bwana wako anakuja kwa miguu au anatambaa?' 'Au chui amemla? Basi tuletewe hata kofia.' Shangazi anacheka, watoto wanacheka. Mimi najifanya nacheka."

"Mpishi…"

"Saa kumi na moja mjomba akavua koti. Hakusema neno. Akalikunja, akaliweka mapajani. Kijito, nimefukuzwa kazi mara mbili, nimezika mama, nimeachwa na mume kwenye kituo cha basi na sanduku langu. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa koti lile."

Chini ya miti kijito kilikuwa kinapita, maji ya kiangazi, hayafiki hata kifundo cha mguu. Nyani mmoja alikuwa amekaa juu ya sanduku la chuma la namba saba, anajikuna, anawatazama kama jamaa aliyealikwa.

"Lakini sasa umejua," Kijito alisema. "Utawaambia. Utamwambia mjomba nilizuiwa."

"Nitamwambia. Na Jumamosi iliyofuata?"

Kijito akachomoa kijiti kwenye ufagio.

"Nakuuliza, baba. Jumamosi ile ulizuiwa, ukatuma salamu, salamu zikalala kwenye trei. Nimekubali. Jumamosi iliyofuata ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri wanijibu."

"Na ile nyingine?"

"Walikuwa hawajajibu."

"Lango liko wapi kutoka hapa?"

"Unajua lilipo."

"Nataka uniambie wewe."

"Kilomita kumi na moja, ukijumlisha na njia ya miguu."

"Mimi nazitembea na mtungi wa gesi kichwani." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hapo ndipo ilipotisha. "Ungetoka alfajiri, saa tatu uko barabarani, saa sita uko kwetu. Ungechelewa, ungekuwa na vumbi mpaka kwenye kope, kaka angekucheka. Lakini ungeonekana."

"Wangenifukuza kazi."

"Ndiyo."

"Kazi yangu ndiyo nyumba yangu. Nina miaka hamsini na mbili. Sina cheti, sina chochote. Nikitoka hapa nakwenda wapi?"

"Kwangu," alisema mpishi. "Ulikuwa unakuja kwangu. Hukulifikiria hilo?"

Kijito akakikunja kile kijiti. Hakuwa amelifikiria. Usiku na mchana alikuwa amefikiria barua, fomu, saini, mkuu, mbadala na ndoo zake za rangi. Huyu mwanamke alikuwa mwisho wa safari, wala hakumwona kama nyumba.

Mpishi akaokota jani, akalikunja mara nne.

"Kuna mtu mwingine," alisema. "Usinikatize, nikikatizwa sitarudia. Rafiki yake kaka. Amefiwa na mke kama wewe. Ana duka la mabati na misumari. Mpole. Anakohoa sana. Wiki iliyopita alikuja na ndugu zake, saa nne waliyoambiwa ni saa nne waliyofika. Mjomba akawa amelivaa tena lile koti. Nikaulizwa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

Kijito aliangalia mikono yake. Aliikuta imeshika kijiti cha ufagio, imekivunja.

"Ulisema sawa."

"Nilisema kwa mdomo. Wewe usiniangalie hivyo! Nilikaa dirishani wiki tatu. Mwanamke wa umri wangu dirishani, kama msichana wa shule." Akajifuta uso kwa nguvu. "Safari hii ya leo ilikuwa ya mpishi mwingine. Nilimwomba anipishe. Kwanza nilijiambia nakuja kukwambia uso kwa uso, usije ukasikia kwa wapagazi. Huo ni uongo. Nilikuja nikuone kama bado… Ah. Siku mbili nimeshindwa pa kuanzia."

"Anza sasa."

"Gari lina nafasi moja. Tunashuka saa tano, tunafika alasiri. Nikiingia nyumbani na wewe nyuma yangu, mjomba atakasirika saa moja. Kaka atakasirika mwaka mmoja. Mwenye duka atakohoa, ataoa mwingine. Halafu basi, Kijito. Tutakuwa tumeshafika. Kampuni inatafuta mtu wa kutunza mahema, nimeshauliza, kwa hiyo usiniambie habari ya cheti." Akamgeukia kabisa, magoti yao yakagusana. "Chukua koti lako tu. Hata hizo nguo zingine waachie nyani."

Kuna furaha inayomfanya mtu aogope kupumua. Kijito aliitazama njia ya miguu ilivyopotelea kwenye miti, akajiona yuko juu yake, mzigo wa sufuria begani, mpishi mbele anamtania. Alikiona chumba ambacho hakukijua, dirisha lake, viatu vyake mlangoni kando ya viatu vya mtu. Miaka saba alikuwa akilala na jaketi la marehemu chini ya kichwa. Akajua angeweza kulikunja akaliweka pembeni, na marehemu asingesema kitu.

"Nakuja," alisema. "Nakuja, Mpishi. Leo hii."

Mpishi akaweka viganja usoni, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka, analia, hata mwenyewe asingejua.

"Niache tu niwaambie," Kijito akasema, na mkono ukaenda kiunoni.

Viganja vikashuka.

"Uwaambie, au uwaombe?"

"Niwaambie tu. Wajue. Nisije nikatoka kama mwizi."

"Kijito, weka hiyo redio chini."

"Dakika moja, mama. Dakika moja tu." Na alikuwa ameshabonyeza. Kidole kilichobonyeza mara ishirini kwa siku kwa miaka kumi na tisa hakikumsubiri. "Lango, Lango, hapa Kijito. Naomba… naomba ruhusa ya kutoka kambini leo saa tano. Dharura ya familia. Ova."

Mkwaruzo. Halafu sauti nyingine, nene, ya mtu aliyekwishakunywa chai. Haikuwa ya karani; mkuu alikuwa amerudi kutoka semina.

"Kijito, mkuu hapa. Dharura gani? Familia gani, wewe una familia? Baki hapo hapo. Leo mchana naleta wageni wa ngazi ya juu, nataka kambi ing'ae, choo kisuguliwe, mawe ya njia yapakwe chokaa. Umenipata? Ova."

Kijito alimtazama mpishi. Mpishi alimtazama Kijito. Muda ule ungetosha kusema neno lolote, muda ulikuwepo, hata kijito chenyewe kilionekana kupunguza mwendo. Neno moja tu. Hapana, mkuu. Natoka, mkuu. Naacha kazi, mkuu.

"Nimekupata," alisema kwenye redio. "Sawa, mkuu. Ova."

Mpishi aliinuka. Akaanza kupanga sufuria, ndogo ndani ya kubwa, taratibu, kila moja na mfuniko wake.

"Mpishi, nitamwomba tena. Akifika hapa nitamwomba uso kwa uso, hawezi kukataa mbele ya wageni. Kesho nakuja. Keshokutwa, ikichelewa sana."

"Uliniambia mkeo alivyokufa," alisema bila kumtazama.

"Usimlete huyo hapa."

"Uliniambia alishikwa na homa. Gari la hifadhi lilikuwa pale chini maegeshoni, dereva yupo, ufunguo upo, hakuna saini. Ukakaa kando ya redio toka asubuhi mpaka adhuhuri unasubiri saini. Nililia nawe. Nikawalaani wakubwa wako mmoja mmoja. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza, maana niliona ni ukatili. Leo nakuuliza. Kwa nini hukumbeba?"

Kijito akakaa chini, pale pale kwenye majani yenye povu.

"Ni kilomita mbili mpaka kwenye gari," mpishi alisema. "Dereva alikuwa rafiki yako. Ungembeba mgongoni ukampakia."

"Walisema saini inakuja."

"Najua walisema." Akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono yenye ubaridi wa maji, akamtazama kwa ile namna ambayo mtu huutazama uso anaotaka kuukumbuka. "Ni wabaya, Kijito. Sikatai. Wamekuonea. Lakini mimi siwezi kuwa mke wa pili kufa nikisubiri saini."

Wageni walirudi kutoka kwenye maporomoko saa nne na nusu, wanacheka, wameloa. Wapagazi wakabeba. Mpishi akajitwika mtungi wake wa gesi, akapita mbele ya kiwanja namba saba, akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Asante kwa maji, mzee." Akashika njia. Hakugeuka. Kijito alihesabu hatua zake mpaka hamsini, kisha miti ikamficha.

Akachukua chokaa. Akapaka jiwe la kwanza. Akapaka la pili. Kwenye la tatu brashi ilimtoka mkononi, na yeye akawa ameshaanza kukimbia.

Hakujua ni nani aliyekuwa anakimbia. Alivuka kigingi cha mwisho bila kukiona. Redio aliiacha kwenye gogo inakwaruza peke yake. Mizizi ilimkwaa, matawi yalimchapa, alianguka mara moja, akainuka na damu kwenye goti, na kifuani kitu kilikuwa kinapasuka, si kwa uchungu. Alikuwa anatoka! Miguu ilikuwa yake. Hakuna mkono uliomshika kola, hakuna lango lililojitokeza mbele yake. Ilikuwa njia tu, njia inayoteremka, kama zilivyo njia zote.

Gari lilikuwa limewashwa. Wapagazi walikuwa juu ya mizigo, mmoja akapiga mluzi. Mpishi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha, na kiti cha kando yake kilikuwa wazi.

"Nimekuja," Kijito alisema. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Pumzi hazikutosha. "Nimekuja. Twende."

Uso wa mpishi uliwaka. Kwa kitambo kile alikuwa yule mwanamke wa mwiko na mkate. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa jibu:

"Wamekuruhusu?"

"Sikuomba! Sikumwomba mtu. Nimetoka tu. Nimeacha redio, nimeacha kila kitu. Nimetoka, Mpishi!"

Alidhani atafungua mlango. Alikuwa ameshasogea nyuma kuupisha.

Mpishi alimwangalia kwa muda, na lile jambo lililokuwa limewaka usoni likazima taratibu, toka machoni mpaka mdomoni.

"Kwa hiyo ulikuwa unaweza," alisema.

"Nini?"

"Dakika ishirini zimekutosha. Kumbe ulikuwa unaweza." Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anajieleza mwenyewe, kama anayesoma majibu ya hospitali. "Nilikuwa nashuka hii njia najiambia, basi, ni mfungwa, mfungwa halaumiwi. Ningeolewa na yule mtu nikikuhurumia. Ningepona, Kijito. Sasa umekuja kunionyesha kwamba mlango ulikuwa wazi. Jumamosi ile ulikuwa wazi. Mjomba amekaa na koti lake, na mlango uko wazi. Siku ya mkeo ulikuwa wazi."

"Lakini nimetoka sasa! Hukusema nionekane? Nimeonekana!"

"Umeonekana baada ya kuniona naondoka. Na kesho ukisikia sauti ya mkubwa yeyote, mwenye nyumba, bosi wa kampuni, kaka yangu, nitakutazama mkono wako niuone unakwenda wapi. Kila siku nitautazama. Siwezi." Akaweka kiganja juu ya vidole vyake pale dirishani, akavitoa kimoja kimoja, kwa upole, kama anavyotolewa mtoto aliyelala ameshika nguo ya mama yake. "Nilikupenda mpaka nikazipaka sufuria masizi kwa makusudi ili nipate cha kuosha. Nenda, baba. Utachelewa."

"Dereva, twende," alisema.

Kijito alikimbia na gari mpaka kona. Halafu vumbi. Halafu hata vumbi likatua.

Alibaki barabarani kwa muda asioujua. Angeweza kuendelea kutembea, kilomita tisa, langoni, nje, mahali popote. Sasa alijua miguu inafanya kazi. Lakini hapakuwa tena na mahali pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda hurudi alikozoea kuumia. Akapanda ile njia. Damu gotini ilikuwa imeanza kuganda. Alijua anachokwenda kukikuta: kambi bila mlinzi, redio imeita mpaka imechoka, barua ya kufukuzwa. Aliitaka ile barua. Angalau kungekuwa na bei aliyolipa, na angeweza siku moja kumtumia ujumbe: nilifukuzwa kwa ajili yako.

Mkuu alikuwa ameshafika, kwa ile njia ya upande wa pili ya magari ya wakubwa. Amesimama katikati ya kambi na wageni wanne wenye kofia mpya, tumbo mbele, anawaonyesha mlima kana kwamba aliuchimba yeye. Kijito alikwenda moja kwa moja akasimama mbele yake, na damu gotini, na majani kichwani.

"Mkuu. Nilitoka," alisema. "Nilitoka kambini bila ruhusa. Saa moja na zaidi."

Mkuu alimtazama, akayatazama yale mawe mawili yaliyopakwa chokaa, akamtazama tena. Kisha akacheka, akampiga begani mbele ya wageni.

"Mnamwona huyu? Mzaha wake hauishi. Huyu ndiye Kijito, mtu wetu wa kuaminika kuliko wote. Miaka kumi na tisa, waheshimiwa, hajawahi kuvuka kile kigingi pale."

"Nimevuka, mkuu. Leo nimevuka."

"Umeanguka kwenye mawe, mzee, nenda ukaoshe hilo goti. Na ukimaliza, malizia chokaa." Akawageukia wageni. "Hata tukimwambia aondoke, haondoki."

Wageni wakacheka kwa adabu. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye macho mema, akamuuliza kama kuishi hapa peke yake hakumchoshi. Kijito aliinama akaokota brashi, akachovya, akasogea kwenye jiwe la tatu.